Kidole Gumba cha Nyapara

Harufu ilimpokea Inspekta Janeffer Chepyegon kabla hajaona mtu. Haikuwa harufu ya dawa, hiyo alishaizoea. Hii ilikuwa ya ngozi inayobambuka na jasho lililolala ndani ya blanketi, na juu yake mtu alikuwa amepiga deki kwa sabuni yenye manukato ya waridi. Waridi na uozo vilichanganyika vikamkaa kooni.

"Ingia, madam, na ufunge mlango," alisema Daktari Momanyi bila kugeuka. "Mkono ukipata baridi, mashini inanipa majibu ya uongo."

Chepyegon alifunga. Dirisha nalo lilikuwa limefungwa. Kule nje michai ilishuka kutoka hospitali ya misheni hadi barabara ya Litein, imenyolewa sawasawa, na ukungu ulikuwa haujaondoka mabondeni. Humu ndani hapakuwa na hewa.

Kitandani alilala Bilhah Onyiego, mchumaji wa shamba la Kamuget, mwanamke wa makamo mwenye mabega ya mtu aliyebeba vikapu tangu usichana. Miguu yake ilikuwa nje ya shuka kwa sababu hakuweza kuvumilia kitambaa kiiguse. Nyayo zilikuwa zikibambuka kwa vipande vinene vya manjano, kama magome ya mkaratusi. Kila ukucha wa mikono ulikatizwa na mstari mweupe kutoka upande hadi upande.

Daktari alikuwa amebandika stika zenye waya kwenye kifundo cha mkono, na nyingine juu ya nyama ya kidole gumba.

"Mama, utasikia kitu inakudunga kidogo. Usikaze mkono."

"Dunga tu, daktari. Hii miguu inaniwakia moto siku nzima. Hiyo yako ni nini?"

Mashini ilitoa mlio mdogo. Kidole gumba hakikutikisika. Momanyi aliongeza umeme kidogo, kikakaa vile vile. Akaongeza tena na tena, hadi kidole kikajikunja kidogo, kivivu, kama mtu aliyeguswa usingizini.

"Unatafuta nini hasa?" aliuliza Chepyegon.

"Umeme mdogo kabisa unaotosha kuamsha mshipa wa fahamu. Kile kipimo cha kawaida kinaniambia nyuzi ngapi za mshipa zimebaki hai na zinapeleka habari kwa kasi gani. Hiyo ni kama kuhesabu ng'ombe zizini. Hiki kinaniambia wale ng'ombe waliobaki wanajisikiaje leo. Nausumbua mshipa kidogo, naupumzisha, nauamsha tena, naangalia umerudi vipi. Mshipa mzima una tabia yake. Uliolishwa sumu una tabia nyingine."

"Na inaweza kunitajia sumu?"

"Haiwezi. Sumu umetajiwa na mkemia wa serikali. Mimi nakuambia hali ya mshipa, basi."

Mkemia alikuwa ametaja aseniki. Aliikuta ndani ya nywele na kucha za wanawake watano wa Kamuget, waliougua pamoja kwa kutapika na kuhara, kisha wakaanza kulia kwamba miguu inawaka na vidole haviwezi tena kushika jani la chai. Mmoja wao, Sabina Kemunto, alikwisha kuzikwa. Wanne walikuwa humu wadini. Mgonjwa wa sita alikuwa mwanamume: nyapara wao, Jairus Ombati, ambaye naye alilalamikia miguu ile ile na moto ule ule. Nywele zake hazikupimwa. Alikuwa amenyoa kipara, akisema zilikuwa zinang'oka zenyewe, na kucha alikuwa amezikata hadi kwenye nyama.

Watu wa kambini walikuwa wamemtaja mkosaji wao bila kungoja mkemia. Walimwendea mzee Kimutai, mtunza stoo ya dawa za kunyunyizia, wakang'oa mabati ya nyumba yake. Polisi walimwokoa, kisha wakamfungia. Tangu siku hiyo alikuwa kwenye seli ya Litein. Chepyegon alikuwa amepekua stoo ile kopo kwa kopo. Dawa za magugu zilikuwepo, za wadudu zilikuwepo, lakini aseniki haikuwepo hata chembe.

"Niletewe nani sasa?" aliuliza Momanyi huku akibandua stika. Ngozi ya Bilhah ilitoka nazo. Chepyegon alitazama pembeni.

"Nyapara," alisema.

* * *

Jairus Ombati aliingia akiegemea fimbo, mtu mrefu mwenye sauti ya kuongoza nyimbo. Aliburuta miguu yote miwili. Mlangoni alisimama kushika bega la Bilhah, aliyekuwa akitolewa kwa kiti cha magurudumu.

"Vumilia, dada yangu. Nyasae, Mungu wetu, yuko na sisi."

"Asante, ndugu," alisema Bilhah.

Jairus alilala akanyoosha mkono kabla hajaambiwa. Chepyegon alisogea karibu. Nyayo za mtu huyu zilikuwa ngumu, zenye nyufa za kawaida za mtu wa shamba. Hazikubambuka popote.

"Mikono yako ina shida gani, Bwana Ombati?" aliuliza.

"Imekufa, madam. Kijiko naangusha, kikombe naangusha. Hii ya kulia ndio mbaya kabisa. Hata ukiichoma na moto sisikii."

Mashini ililia. Kidole gumba cha Jairus kiliruka.

Kiliruka kwa nguvu, kikagonga kando ya kitanda. Momanyi alipunguza umeme, kikaruka. Akapunguza tena hadi mahali ambapo kidole cha Bilhah kilikuwa kimelala kama gogo, na bado cha Jairus kikaitika.

"Unasikia?" aliuliza daktari.

"Hapana. Hakuna kitu."

"Sawa. Legeza mkono."

Momanyi alifanya kazi yake yote pole pole. Alisumbua mshipa, akaupumzisha, akauamsha. Alivisha vidole mikanda midogo ili aupime na mshipa wa kuhisi. Akahamia mguuni, akarudia yote. Uso wake haukuonyesha kitu. Jairus, kwa muda wote huo, alikuwa akivuma wimbo wa kanisa chini kwa chini. Mara kwa mara alimtupia Chepyegon jicho, kisha akalifumba haraka na kukunja uso kama mwenye maumivu.

Alipotoka, fimbo ikigonga sakafu hadi mwisho wa ukumbi, daktari alifuta mikono yake kwa spiriti zaidi ya ilivyohitajika.

"Niambie," alisema Chepyegon.

"Mishipa yake haina kasoro. Si mkono, si mguu, si ya kusukuma nyama, si ya kuhisi. Ningekuwa na mishipa kama ile ningecheza mpira."

"Labda alipata sumu kidogo."

"Kidogo ya kutoacha alama yoyote, na bado miguu imkatae, aburute yote miwili? Haiwezekani. Mtu akiwa na miguu ya namna ile, ningeona uharibifu hata kwa mashini ya zamani."

"Na anaweza kuidanganya mashini?"

"Anaweza kunidanganya mimi. Nikimwambia sukuma, atasukuma kilegevu. Nikimgusa na sindano, atasema hasikii. Lakini saa hii sikumwomba afanye kitu. Nimeongea na mshipa bila kumpitia yeye."

Chepyegon alivuta kiti akaketi. Mtu asiye mgonjwa alikuwa amelala wiki kadhaa kati ya watu wanaobambuka ngozi, anakula chakula cha hospitali, anaombewa na wachungaji, anaitwa ndugu.

"Kuna jambo lingine," alisema Momanyi. "Na hili ndilo lililonifanya nikupigie simu." Aligeuza kioo cha kompyuta. Mistari ya rangi mbili ilipita juu yake. "Huyu ni Moureen Ogeto, yule msichana wa kitanda cha dirishani. Bluu ni wiki iliyopita. Nyekundu ni leo asubuhi."

"Mistari imeachana."

"Ya wenzake haijaachana hivyo. Wale watatu, nyuzi walizopoteza wamepoteza, lakini zilizobaki zinatulia. Zinarudi kwa tabia yao. Moureen naye alikuwa anatulia. Halafu ghafla mishipa yake imevurugika upya. Sumu hii inaunyima mshipa nguvu ya kupanga chumvi zake, ndani na nje. Nikiona mvurugo mpya namna hii..." Alisita. "Nimeangalia figo zake, nimeangalia dawa tunazompa. Hakuna kinachoeleza. Nimetuma mkojo wake kwa mkemia, lakini majibu yatachelewa. Kwa maoni yangu, huyu msichana amelishwa tena. Juzi, au jana."

"Akiwa hapa hapa wadini?"

"Hapa hapa. Ndani ya wadi yangu."

Kimutai alikuwa kwenye seli ya Litein, mlango umefungwa na ufunguo uko kwa askari. Hakuweza kumlisha mtu chochote. Chepyegon alitoa simu, akampigia Konstebo Kiplimo, aliyekuwa akingoja kwenye gari.

"Kuja ndani," alimwambia. "Beba mifuko ya vielelezo na glavu. Usipite wadini kwanza."

* * *

Alimkuta Bilhah kwenye veranda, ameachwa juani na kiti chake. Chepyegon aliinama ili macho yao yakutane.

"Mama Bilhah, nataka uniambie kitu ambacho hamkuniambia. Nyinyi watano mnachuma sehemu tofauti, mnakaa nyumba tofauti. Ni wapi mlikula pamoja?"

Bilhah alitazama mashamba ya chai.

"Hatukukula. Tulikunywa chai."

"Kwa nani?"

Bilhah alitazama kwanza kama kuna mtu karibu.

"Madam, hii ni maneno ya aibu. Jairus ametusumbua miaka mingi. Ukitaka sehemu nzuri ya kuchuma, ukitaka mtoto wako mgonjwa umpeleke kliniki, lazima uingie kwake kwanza. Unajua kuingia ni nini. Alitutoa nyumbani Kisii yeye mwenyewe, akatuombea kazi, sasa anasema sisi ni mali yake. Mimi nilinyamaza. Sabina akanyamaza. Lakini akaanza kumsumbua Moureen, na Moureen hakunyamaza. Akatukusanya. Tukasema tutasimama mbele ya kamati ya shamba, sisi watano, tuongee."

"Na mkaongea?"

"Hatukufika. Jairus alisikia. Akaja kanisani, akapiga magoti mbele ya pasta, akalia machozi. Akasema tuende kwake atuombe msamaha. Tukaenda. Akatupikia chai yeye mwenyewe, akatumwagia kwa vikombe, mmoja mmoja. Mwanaume wa kwetu kupikia wanawake chai! Tukaambiana, kweli huyu ameokoka."

Chepyegon alisogea karibu zaidi.

"Yeye alikunywa?"

"Alikuwa na kikombe yake. Ati nilikuwa naangalia? Nilikuwa na furaha."

"Kwa nini hukuniambia haya mara ya kwanza?"

"Ningesema nini? Kesho yake sisi tunatapika, na yeye pia analia tumbo. Tukaletwa hapa na gari moja. Njia yote alikuwa anatuombea." Bilhah alimgeukia. "Utamshuku aje mtu anayelia pamoja na wewe?"

"Nyumba yake iko upande gani wa kambi?"

"Kule chini, kwa dipu ya zamani ya wazungu. Hapo kuna stoo ya mawe. Yeye ndio anaitumia kuweka kuni."

Chepyegon hakuhitaji kuuliza zaidi. Kila nyumba ya wafugaji huku ilikuwa na habari za dipu za zamani za kuogeshea ng'ombe na ile dawa ya aseniki iliyotiwa majini kuua kupe. Babu yake mwenyewe alipoteza ng'ombe watatu waliolamba ndoo iliyosahauliwa. Kopo la dawa hiyo, likikaa pakavu, halipotezi ukali wake hata likiachiwa wajukuu.

"Moureen bado anataka kusimama mbele ya kamati?" aliuliza.

"Juzi alisema hivyo, sote tukisikia. Jairus alikuja kumsalimia, akamwambia sasa Mungu ametupiga sote, tusameheane. Moureen akamwambia, mimi sijakusamehe, na nikipona nitasema."

Kiplimo alitokea mwisho wa veranda akiwa na mifuko mkononi. Chepyegon alisimama.

* * *

Ilikuwa saa ya uji wa saa nne. Sista wa zamu alikuwa akisukuma kigari cha vikombe.

"Moureen ameshapata wake?" Chepyegon alimwuliza kwa sauti ya chini.

"Huyo hanywi wa hospitali, madam. Tangu juzi analetewa na mzee Jairus. Kuna mtu humletea flaski kutoka nyumbani, na yeye anakuja kumlisha. Yule mzee ana roho safi. Mwenyewe mgonjwa, lakini anamhudumia kuliko hata ndugu zake."

Chepyegon alisimama kwenye mlango wa wadi.

Jairus aliketi kando ya kitanda cha dirishani, fimbo yake imetundikwa kwenye chuma cha kitanda. Alikuwa amemtandikia Moureen taulo kifuani. Mikono ya msichana ilikaa juu ya blanketi, imelegea kwenye vifundo, vidole vimejikunja kama makucha ya kuku aliyechinjwa. Jairus alichota uji. Kijiko kilijaa hadi ukingoni, kikasafiri kutoka kikombeni hadi mdomoni bila kumwaga tone. Moureen alimeza, akapokea kijiko kingine. Tone moja lilibaki mdomoni pake, na Jairus akalifuta kwa kidole gumba. Pole pole. Kisha akakipangusa kwenye taulo.

Chepyegon alivuka wadi kwa hatua ndefu.

"Moureen, tema hiyo."

Msichana alimtazama bila kuelewa.

"Tema. Sasa."

Alitema. Uji ulitiririka kidevuni. Jairus aliinua uso, na tabasamu lake lilikuwa bado halijatoka.

"Kuna nini, madam? Unamtisha mgonjwa."

"Bwana Ombati, hebu kunywa kijiko kimoja."

"Mimi? Mimi nimeshiba."

"Kijiko kimoja tu."

"Uji ni ya mgonjwa."

"Na wewe si mgonjwa?"

Wanawake wengine waliinua vichwa. Jairus alitazama kikombe mkononi mwake kana kwamba mtu mwingine alikuwa amekiweka pale. Halafu vidole vyake vikalegea. Kikombe kilianguka na uji ukarukia viatu vya inspekta.

"Unaona?" alisema. "Si nilikuambia hii mkono imekufa?"

"Mkono huo umetoka kumlisha saa hii, na haukumwaga hata tone. Na umepimwa. Daktari ameuliza mshipa wenyewe, na mshipa umejibu."

Jairus alinyoosha mkono wake kuelekea kabati dogo la kando ya kitanda. Flaski haikuwepo tena pale. Kiplimo, aliyeingia nyuma ya inspekta, alikuwa ameishika kwa glavu, kifuniko kimekazwa.

"Sista," alisema Chepyegon, "njoo usimame hapa uwe shahidi. Bwana Ombati, simama. Konstebo atakupekua."

Alisimama bila kutafuta fimbo. Kwenye mfuko wa koti Kiplimo alikuta leso, ufunguo, na kikopo cha ugoro. Alikifungua. Ndani hapakuwa na ugoro, bali unga mweupe usio na harufu, na kijiko kidogo cha plastiki, cha aina ile inayokuja na dawa ya kikohozi ya watoto.

"Ni nini hii?" aliuliza Chepyegon.

"Soda. Ya tumbo. Tumbo yangu inasumbua."

"Basi onja mbele yetu."

Jairus alitazama kikopo, akatazama mlango, akatazama Kiplimo, ambaye alikuwa kijana mpana na alikuwa amesimama katikati ya njia. Sauti ya nyimbo ilipomtoka tena, haikuwa na upole.

"Nimewatoa hawa nyumbani. Walikuwa wanakula nini? Nimewapa kazi, nimewapa nyumba. Halafu wanataka kusimama mbele ya watu waniharibie jina. Mimi mzee wa kanisa!"

"Sabina Kemunto amekufa."

"Sabina alikuwa mgonjwa tangu zamani."

"Na huyu?"

Alimtazama Moureen kama mtu anavyotazama kikapu kilichojaa majani mabovu.

"Huyu ningemwacha. Wote ningewaacha, yaliyowapata yalikuwa yanatosha. Nilimwomba msamaha kwa heshima, akanikataa."

Kutoka kitanda cha pili mwanamke mmoja aliguna, akageuka upande, akatapika kwenye beseni. Hakuna aliyekwenda kumshika. Chepyegon alimsomea Jairus haki zake kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Alitaja jina la Sabina Kemunto lote, na majina ya wanne waliobaki. Kiplimo akafunga pingu.

"Fimbo yangu," alisema Jairus.

"Ya nini?"

Jairus alitembea kati ya vitanda vile hadi mlangoni, wima, hatua moja baada ya nyingine, visigino vikigonga sakafu. Wanawake walioshindwa kuvumilia hata shuka iwaguse miguu walimtazama akitembea. Hakuna aliyemtukana. Mmoja alivuta blanketi akafunika pua.

* * *

Kazi iliyobaki ilikuwa ya utaratibu. Flaski ilitiwa lakiri. Uji wa sakafuni ulikwanguliwa ukawekwa ndani ya kopo. Kikopo cha ugoro kiliandikwa nambari, na sista akatia sahihi kama shahidi. Chepyegon alituma gari la pili Kamuget kufunga stoo ya mawe pale dipu. Kabla ya saa sita, askari alimpigia simu: ndani ya stoo, nyuma ya kuni, kulikuwa na debe la bati lililooza kando, mchoro wa ng'ombe ukiwa bado unaonekana juu yake, na mtu alikuwa amelitoboa hivi karibuni. Aliyekuwa akileta flaski alipatikana pia, mpishi wa kambini, ambaye alilia aliposikia. Yeye alipika uji mtupu. Unga ule mwingine ulitiwa hapa hapa, msalani mwa wadi ya wanaume.

Alipiga simu Litein.

"Mfungulieni mzee Kimutai," alisema. "Mpeni chai kwanza. Hapana, subiri. Muulizeni anataka nini, mumpe hiyo. Na mmoja wenu ampeleke hadi kwa mtoto wake kule Sosiot, asirudi kambini peke yake."

Momanyi alikuwa kando ya kitanda cha Moureen na dripu mpya. Alimweleza msichana kila kitu kwa lugha ya kwao, taratibu, na Chepyegon hakuhitaji kuelewa maneno kwa sababu aliona uso. Kwanza uso ulikataa. Kisha ukakubali. Kisha ukakunjamana wote.

"Atapona?" Chepyegon alimwuliza daktari walipotoka pembeni.

"Tumewahi kabla hajamaliza kikombe. Dawa ya kutoa sumu tunaanza leo. Mishipa hurudi polepole sana, mikono kwanza, miguu baadaye. Kuna nyuzi ambazo hazitarudi." Alivua miwani. "Nimekuwa nikipita kitanda hiki kila asubuhi, madam. Nilimwona anamlisha, na sikuutazama mkono. Nilimsifu. Mbele ya wanafunzi wangu nilimsifu."

Chepyegon alirudi kando ya kitanda.

Moureen alikuwa akikaza macho kwenye dari. Kidevuni pake uji ulikuwa umekauka, ukawa utando mweupe.

"Madam," alisema. "Nilikuwa namwambia asante. Kila kijiko. Asante, ndugu Jairus. Nilikataa kumsamehe na bado alikuja kunilisha, nikafikiri labda Mungu ananionyesha mimi ndio nina roho ngumu."

"Hukuwa na roho ngumu."

"Nataka kuosha mdomo."

Sista alileta bilauri ya maji na beseni. Akamwinua Moureen, akasogeza bilauri midomoni mwake. Msichana akageuza kichwa kwa nguvu, akaminya midomo.

"Wacha nikusaidie, mami," alisema sista. "Mikono yako haishiki."

"Usinilishe. Mtu yeyote asinilishe."

"Lakini..."

"Weka hapo."

Sista alimtazama inspekta. Chepyegon akatikisa kichwa kukubali. Bilauri ikawekwa kwenye meza ya kitanda.

Moureen alisogeza mikono yake miwili, iliyolegea, akaibana bilauri kati ya vifundo. Iliteleza. Maji yakamwagika kwenye blanketi. Sista akajaza tena. Safari hii msichana aliinama, akaibana kwa vifundo na kuishikilia kwa kidevu, mabega yakitetemeka kwa juhudi, hadi maji yakafika mdomoni. Akasukutua. Akatema ndani ya beseni kwa sauti.

"Jaza," alisema.

Sista akajaza. Moureen akasukutua, akatema. Nusu ya maji yalimwagika kifuani pake na hakuna aliyeyafuta. Kiplimo alichungulia mlangoni kusema gari liko tayari na mshukiwa analalamika kwamba pingu zinamuumiza mkono. Chepyegon alimwashiria angoje.

"Jaza tena," alisema Moureen.